Unalipia Jicho, Si Karatasi

Wacheni kuambia wasanii wa dijitali ati "mashine ndiyo imechora." Mashine haijawahi kukaa chini ikatazama ua.

Mwaka 2009 David Hockney, mzee wa miaka 70 na ushei aliyeshika brashi kwa miongo mingi, alianza kuchora maua kwenye iPhone, kwa kidole gumba, na kuwatumia marafiki. Mwaka 2010 maua hayo yakaonyeshwa Paris, kwenye skrini. Kifaa kilibadilika, jicho likabaki lilelile.

Kazi yenyewe ni kutazama. Petali ya waridi jekundu ikijikunja, kivuli chake si cheusi, ni wekundu uliokolea. Anayetumia rangi za maji hupanga mapema pa kuacha karatasi nyeupe, maana akishaifunika, kuirudisha ni shida. Mwenye tableti anaweza kufuta mara mia, sawa, lakini kufuta hakumwonyeshi kivuli kinaanzia wapi.

Sasa wewe unamwambia msanii wa Nairobi, "Si ni tableti tu? Nipunguzie." Kama unachotaka kulipia ni karatasi, nenda dukani. Ziko tele, na hazina ua hata moja.