Kijana Anapopenda Baiskeli ya Milimani

Msomaji wetu mmoja wa Mbagala ametuandikia barua ndefu kuhusu mwanawe aliye kidato cha tatu. Kijana huyo, anasema, si mlevi, havuti sigara, wala hashindi vijiweni. Shida yake ni baiskeli. Alijinunulia baiskeli ya gia ya mtumba kwa fedha za kufyatua matofali wakati wa likizo, na tangu hapo kila Jumamosi alfajiri huondoka na wenzake. Hupita Chamazi, Mbande na Msongola hadi Chanika, kisha hupanda vilima vya Pugu na kushuka kwa njia za msituni wakishindana. Jioni hurudi ametapakaa matope, magoti yamechubuka, na wali uliobakizwa kwa ajili ya watu watatu anaumaliza peke yake. Baba yake ameamua baiskeli iuzwe. Mama anatuuliza amuunge mkono mumewe au amtetee mtoto.

Swali hili tumelifikiria sana, maana sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huwaona vijana wa namna hii kwa upande mmoja tu, yaani wanapoletwa wameumia. Aliyepanda Pugu akarudi salama haji kwetu. Tukifuata yale tunayoyaona kazini tu, tungemwambia kila mama auze baiskeli kesho asubuhi. Lakini hukohuko kazini tunawapokea pia vijana wa umri uleule walioumizwa na ugomvi wa pombe, au na bodaboda waliyoazima bila kuwa na leseni. Hao nao walikuwa wakitafuta kitu cha kufanya siku ya Jumamosi.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe, kwani wengi wetu tulikua tukiijua baiskeli ya kubebea maji na mkaa. Baiskeli ya milimani ina matairi mapana yenye meno, gia nyingi za kupandia, na mara nyingi springi mbele za kupunguza mtikisiko. Mchezo ulianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Si mchezo wa wahuni. Una sheria, una waamuzi, na una shule yake ya subira, kwa sababu kilima hakipandwi kwa hasira.

Kisa cha jirani zetu wa Kenya kinatusaidia hapa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Wazazi wake walipoachana alibaki na mama yake, Jane, ambaye alikuwa akifanya kazi ya kuwatibu watu kwa mazoezi ya viungo. Mtoto alipenda baiskeli kupita kiasi, na mama alikuwa na kazi za kutwa. Alipokuwa na miaka kama 12, mama huyo ndiye aliyemfikisha kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli wa timu ya taifa ya Kenya, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Kinjah alikuwa na nywele ndefu za rasta na aliishi katika nyumba ndogo ya mabati. Sijui wangapi kati yetu tungemkabidhi mtu huyo mtoto wetu kwa kumtazama tu! Lakini Jane hakutazama nywele. Froome akafundishwa kupanda milima na kurekebisha baiskeli yake mwenyewe, akilala sakafuni pamoja na watoto wa kijiji.

Baadaye alipelekwa shule Afrika Kusini, akaanza masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Johannesburg huku akiendelea na mazoezi. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mama yake alifariki mwaka 2008 kwa ugonjwa wa saratani, kwa hiyo hakumwona mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa amehamia upande wa Uingereza, akishinda mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, mwaka 2013, na tena 2015, 2016 na 2017.

Msomaji atasema, huyo ni Mzungu, na mama yake alikuwa na uwezo wa kumsomesha nje. Ni kweli. Vijana wengi aliokimbia nao pale Mai-a-Ihii walikuwa hodari, na hawakufika Ufaransa. Kwa sababu hiyo hatumshauri mama yeyote amnunulie mtoto baiskeli kana kwamba ananunua tiketi ya bahati nasibu. Tunachokipenda katika kisa hiki ni hatua ile ndogo ya Jane. Alikwenda mwenyewe, akamwona mwalimu, akajua mwanawe yuko wapi na anafundishwa na nani. Mama wa Mbagala hajatuambia kama amewahi kumwona anayewaongoza vijana wale wa Pugu, wala kama yuko mtu mzima yeyote anayewaongoza. Tungeanzia hapo kabla ya kuzungumza habari ya kuuza.

Na baba naye asidharauliwe. Hofu yake ina msingi, ila tunadhani imeelekezwa mahali pasipo penyewe. Msituni kijana huanguka kwenye mchanga na mizizi, akachubuka, pengine akavunja mfupa wa mtulinga. Hatari ya kupoteza maisha iko zaidi kwenye lami, anapokwenda na kurudi katikati ya malori, daladala na bodaboda, tena gizani bila taa. Kama tungekuwa na sauti katika nyumba ile tungeomba mambo mawili: asitoke kabla mwanga haujapambazuka, na pale barabara inapokuwa nyembamba yenye magari ya mwendo mkali, ashuke apitie pembeni. Baba akienda nao Jumamosi moja kwa gari la abiria hadi Pugu, akawasubiri pale juu, ataona mwenyewe ni wapi pa kukataza na wapi pa kuachia. Baba mwenye msimamo mkali aliyeona kwa macho yake husikilizwa na kijana kuliko mama mpole aliyesimuliwa.

Tena, baiskeli ikiuzwa, kijana wa miaka 16 haachi kupenda baiskeli. Ataazima ya mwenzake, na ya kuazima ndiyo yenye breki mbovu.

Sasa tuje kwenye kofia ngumu, maana hapa hatutaki mjadala. Mwezi Machi 2003, katika mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila kofia, akaumia kichwa, akafariki. Alikuwa mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka, mwenye misuli na ujuzi ambao mtoto wa kidato cha tatu hana. Mwaka huohuo chama cha dunia cha mchezo huo kikafanya kofia kuwa lazima katika mashindano ya barabarani. Kofia ya fundi mwashi haifai, na ile nzito ya bodaboda nayo haifai kwa kupanda vilima katika joto la Dar es Salaam. Ya baiskeli ikae sawasawa juu ya kipaji cha uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Akina mama wengi hununua za mtumba. Ikagueni ndani na nje, na ikiwa na ufa iacheni kwa muuzaji. Kofia iliyokwisha kupigwa chini mara moja kwa nguvu imemaliza kazi yake hata kama inapendeza.

Hatusemi kwamba kofia ni kinga ya kila kitu. Mkenya Sule Kangangi, nahodha aliyependwa sana na wenzake, alianguka akafariki Agosti 2022 katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, akaacha mke na watoto. Froome mwenyewe alivunjika vibaya mwaka 2019, na Agosti 2025 akaanguka tena mazoezini akavunjika mbavu tano. Mama anayeruhusu mchezo huu aruhusu akijua hayo.

Kijana akirudi ameanguka, asiulizwe kwanza nani alimtuma. Aulizwe kama alipoteza fahamu, hata kwa dakika moja. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida, akiongea ovyo, akipata degedege, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, asilazwe nyumbani apumzike. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Jambo jingine ambalo wazazi hawalifahamu ni kile kishindo cha usukani tumboni. Ngozi huonyesha alama ndogo ya duara tu, lakini ndani bandama au ini limeumia. Tumbo likiendelea kuuma, au kijana akiwa mweupe midomo na kutokwa jasho la baridi, msingoje asubuhi.

Vidonda vya matope huoshwa kwa maji mengi safi na sabuni, hata kama anapiga kelele. Wala tusivipake majivu, mafuta ya taa au dawa ya meno. Sisi akina mama tulichomwa sindano za kuzuia pepopunda tulipokuwa wajawazito, ndiyo maana tunajiona tuko salama. Mvulana hapati ujauzito! Wengi wao mara ya mwisho kuchomwa ni walipokuwa wachanga, na kinga ile hupungua. Kama kidonda ni kichafu au ni cha kina, mpelekeni zahanati na mwulize habari ya sindano hiyo.

Yule Froome ana somo jingine ambalo si la kuanguka. Mwishoni mwa mwaka 2010 vipimo vya damu vilionyesha kwamba alikuwa na kichocho, na ilimbidi atibiwe zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Mwanamichezo wa kiwango kile, nguvu zikimpotea huku akidhani hajafanya mazoezi ya kutosha! Vijana wetu wakitoka msituni hupenda kujimwagia maji ya kijito au bwawa, kuoshea baiskeli humo, hata kuogelea. Katika ukanda huu wa pwani kichocho cha kibofu kipo. Wadudu wake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Mkojo wenye damu mwishoni si dalili ya kubalehe kwa mvulana, kama baadhi ya watu wanavyoambiana. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo ni mkojo tu.

Kuhusu chakula hatuna mengi. Mpeni uji au viazi kabla hajaondoka, ndizi mfukoni, na maji lita mbili kwa safari ya asubuhi, zaidi ikiwa ni Januari au Februari. Jioni ugali, maharage, dagaa na mboga za majani vinatosha kabisa. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka ni sukari na kafeini katika kopo la kupendeza, na moyo wa mtoto hauhitaji kuchapwa.

Masomo nayo yana haki yake. Mazoezi ya Jumamosi moja hayamfelishi mtu, lakini kusinzia darasani Jumatatu ni dalili kwamba mwendo umezidi. Mwaka wa kidato cha nne, kuanzia Agosti hadi mtihani wa Novemba, tungemwomba apunguze awe anazungukia mitaa ya karibu. Mashindano yakiangukia Jumapili, ibada ya kwanza huanza mapema katika makanisa mengi ya mjini. Mwenye nia hupata nafasi ya yote mawili.

Barua nyingine, ya mama wa Bunju, inauliza kama binti naye anaweza kuingia mchezo huu, maana bibi yake anasema baiskeli humwondolea msichana ubikira. Tunasema anaweza. Utando ule hutofautiana kwa kila msichana na hauwezi kuwa ushahidi wa tabia. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi mwaka 2018 kwamba hakuna kipimo cha kitabibu cha ubikira. Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda mbio za milimani za Cape Epic huko Afrika Kusini mwaka 2023 pamoja na Vera Looser wa Namibia, na mwaka 2025 akashinda Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, na wasichana walipanda vilima vilevile. Binti apate suruali fupi inayobana vizuri isinase kwenye mnyororo, aende na kundi, na kama hedhi yake ni nzito aangaliwe wingi wa damu, kwa kuwa uchovu wake huenda si uvivu.

Kabla ya yote, wa kike au wa kiume, mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au selimundu asianze bila kuonana na daktari wake. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani. Na kila anayeondoka awe na karatasi ndogo yenye jina lake, simu za wazazi wawili, ugonjwa alio nao na dawa asizopatana nazo. Iwekwe ndani ya kikopo kitupu cha dawa chenye kifuniko, maana kufika juu ya Pugu hakuna mfuko wa suruali uliobaki mkavu.