Tunacheza muziki wao, tunawafungia mlango

Wikendi iliyopita baunsa wa klabu moja hapa Nairobi alimrudisha beshte yangu mlangoni. Sababu? Ati viatu. Sisi wengine wanne tulikuwa na raba kama zake, tukapita. Tofauti ni kwamba yeye huvaa hereni na huongea kwa madaha. Kila mtu kwenye laini alielewa.

Na ndani DJ alikuwa anaangusha amapiano.

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Amapiano ni mtoto wa house ya Afrika Kusini, na house nayo ina kwao. Kwao ni Chicago, Marekani, kwa klabu iliyofunguliwa 1977 na Robert Williams, ikiitwa The Warehouse. Jina lenyewe la house linasemwa lilikatwa kutoka hapo. DJ alikuwa Frankie Knuckles, Mweusi na shoga. Waliojaa pale mwanzoni walikuwa mashoga Weusi na Walatino, kwa sababu klabu zingine ziliwasumbua mlangoni. Hata zile za mashoga wazungu, Mweusi alidaiwa vitambulisho kibao. Warehouse haikuuza pombe. Watu walikunywa juisi na kucheza mpaka jua litoke. Baadaye wasio mashoga wakaanza kuja pia, na hakuna aliyewafukuza.

Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli mji huohuo, sahani za disko zililipuliwa mbele ya umati ukishangilia. Disko ikatangazwa maiti. Knuckles akaendelea kupiga zilezile, akizikata na kuzirefusha, baadaye akaongeza mashine ya ngoma. Maiti ikaamka na jina jipya.

Knuckles alishinda Grammy 1998 na akafariki 2014. Mwaka wa 2023 jiji la Chicago likalipa jengo la Warehouse ulinzi wa kisheria lisibomolewe. Poa sana. Lakini kwangu urithi wa Warehouse si matofali, ni ule mlango. Muziki ulikuwa mtamu kwa sababu waliofukuzwa kwingine waliingia na kila walichokuwa nacho.

Najua kuna mtakaoniambia "hiyo si mila yetu." Sawa. Basi zimeni na spika pia. Huwezi kunywa maji ya kisima huku ukimtupia mawe aliyekichimba.

Lakini sitamlaumu baunsa peke yake. Beshte yangu aliniambia, "Ingieni tu, mimi niko sawa," akapanda boda akaenda zake. Nami nikaingia. Nikacheza hadi saa kumi.

Jumapili nilimpigia nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema amezoea. Aki hilo neno "nimezoea" limenikaa kooni wiki nzima.

Siku nyingine akirudishwa, tunarudi wote. Na wewe, beshte yako akirudishwa, utaingia?