Mtoto wa unga



Juma lililopita, tulipokuwa tunangoja feza ya likelemba ihesabiwe, mama mmoja alitutolea telefone yake. Binti ya dada yake, aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu na leo anaishi Marekani katika jimbo la Utah, alikuwa amemtumia foto. Binti amevaa nguo ndefu mpaka kwenye vifundo, kichwani kofia ya kitambaa iliyofungwa chini ya kidevu, na anavuta mkokoteni wa mbao katika vumbi. Tulinyamaza wote. Mwishoni mama mzee mmoja akauliza polepole: "Wamekimbia tena? Vita imefika hata huko?"

Hapana, mama. Ni safari ya ukumbusho.

Wamormoni walifukuzwa huku na huku Marekani, hata wakafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Kati ya 1856 na 1860, karibu watu 3 000 waliokosa feza ya ng'ombe na magari walivuta mikokoteni kwa mikono yao. Kutoka Iowa City ni karibu kilometa 2 100. Mwaka 1856 makundi mawili yalichelewa kuondoka, theluji ikawakuta njiani, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hapo hatucheki. Anayezika mtoto wake kando ya njia ni ndugu yetu.

Leo vijana wao wa miaka 14 mpaka 18 wanarudilia safari hiyo kwa siku tatu au nne. Wanaacha telefone nyumbani. Wanagawanywa katika jamaa, na kila jamaa inapewa baba na mama wa kuwaongoza. Mara nyingi kila kijana anaweka vitu vyake katika ndoo moja ya karibu litre 20.

"Ndoo nzima?" akauliza mama mzee. "Mimi nilikimbia na nusu ya kitenge."

Tukaendelea kuelezwa. Chakula kinafuata kwa gari. Vyoo pia vinafuata kwa gari. Muuguzi yuko karibu, kwa ajili ya malengelenge ya miguu. Mama mmoja akasema kama tungalikuwa na choo kinachotufuata nyuma, tungalikimbia kwa raha mpaka Kigoma.

Kuna pahali wavulana wanaondolewa, na wasichana wanapandisha mkokoteni mlimani peke yao, ili waonje taabu ya wanawake wa zamani. Wamama wakatazamana. "Sasa hapo wanafundishwa nini? Si ndiyo njia ya shamba ya kila siku?"

Halafu likaja jambo lililotuangusha kabisa. Jamaa nyingine zinapewa mfuko wa unga, wanaufunga katika nguo na kuubeba njia yote kama mtoto mchanga. Haruhusiwi kuachwa chini. "Na wakifika," akauliza mama mzee, "wanamsonga bugali?" Tulicheka mpaka mwenye kuhesabu feza akapoteza hesabu, akaanza upya.

Mwana wa yule mama mwenye telefone alikuwa amesimama mlangoni, anangoja kubeba mfuko wa mama yake. Ana miaka kumi na mbili. Akauliza: "Mama, nanyi mulikimbia? Mulikimbia wapi?"

Kicheko kikaisha.

Mama huyo alivuka ziwa usiku mwaka 1996, mtoto mgongoni, sufuria moja mkononi. Mama yake mwenyewe alikuwa amelala porini, juu milimani, wakati wa vita ya Mulele mwaka 1964. Na mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo hajui hata moja. Binti wa Utah anajua safari ya nyanya za watu wengine, kwa sababu wamemtembeza. Safari ya nyanya yake hajatembezwa na mtu, hata kwa maneno.

Darasani tunafundisha tarehe 30 Juni 1960, na watoto wanaikariri vizuri. Lakini ya 1996 sisi wenyewe hatujui vema. Sisi wa miaka thelathini na kitu ndio tuliobebwa. Ndio tuliokuwa mtoto wa unga. Hatukumbuki kitu, na hatukuuliza, kwa maana tuliona wamama wetu wakigeuza uso kila tulipotaja mtumbwi. Nao walinyamaza ili tusiogope. Hivyo kila mmoja alimchunga mwenzake, na habari ikabaki katikati bila mwenyewe.

Wamama, hatusemi tuvute mikokoteni mpaka Baraka. Miguu yetu imetosha. Wala hatusemi mtoto aambiwe yote usiku mmoja. Kuna mambo yanayongoja umri. Tunaomba neno moja tu kwa jioni moja: nani alikubeba, ulibeba nini, nani alikupokea ng'ambo. Na ninyi mungali na wamama wazee nyumbani, ulizeni sasa, mungali munaweza kujibiwa.

Yule mama alianza jioni ileile, na sufuria. Kumbe ingali jikoni, imetobolewa na kuzibwa mara mbili. Tangu siku hiyo mwana wake anaisugua bila kutumwa, na anakataa isipikwe maharagi, eti ni ya historia.

Mama anasema sasa anahitaji sufuria nyingine.