Sindano ya Pili ya Mama

Wako akina mama wa Kariakoo, Ilala na kwingineko ambao, wakishapata sindano ya kwanza ya pepopunda katika kliniki ya wajawazito, huona wamekwisha maliza. "Nimekwisha chomwa, ya pili ni ya nini?" Swali hili ni la haki, na jibu lake limo ndani ya damu.

Mwilini mna chembechembe nyeupe ziitwazo seli B, ambazo kazi yake ni kuunda kingamwili. Tuifananishe kingamwili na jembe: chuma chake ndicho kinachoshika sumu ya pepopunda, na mpini ndio unaoamua jembe litumike wapi.

Kwanza seli B huunda kingamwili ya aina ya M, mfano wa majembe matano yaliyofungwa pamoja. Hiyo ni kubwa, na kondo la nyuma haliipitishi kwenda kwa mtoto. Baada ya siku kadhaa, baadhi ya seli hubadili mpini. Vinasaba vya mipini vimepangwa mstari mmoja: M yuko mbele, akina G, A na E wanafuata. Kimeng'enya kiitwacho AID huanzisha ukataji mahali pawili. Kipande cha katikati, chenye M, hutupwa, na ncha mbili zilizobaki huunganishwa. Chuma ni kile kile, lakini mpini sasa ni wa G, na seli hiyo hairudi tena kwa M. Profesa Tasuku Honjo wa Japani alitoa wazo la ukataji huu mwaka 1978, na mwaka 1999 maabara yake mjini Kyoto ikatangaza kukipata kimeng'enya chenyewe.

Faida yake ni nini kwa mama? Kondo la nyuma huushika mpini wa G na kuvusha kingamwili hiyo, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Hivyo mtoto huzaliwa na kinga, kabla wembe mchafu haujagusa kitovu chake.

Sindano ya kwanza huandaa seli, lakini G inayopatikana ni kidogo. Ya pili, itolewayo wiki 4 au zaidi baadaye, na angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, huamsha seli zilizokwisha badili mpini, nazo humwaga G kwa wingi.

Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo mwaka 1975, na mwaka 2012 ikathibitishwa kuwa pepopunda ya akina mama na watoto wachanga si tena tatizo kubwa la afya ya jamii. Hata hivyo, vijidudu vyake vingali udongoni, wala havitaondoka. Kwa hiyo, baba, soma kadi ya kliniki ya mkeo, na tarehe iliyoandikwa humo uikumbuke kama unavyoikumbuka siku ya mshahara.