DENI LA FUNGA LISIACHWE KWA AKINA MAMA PEKE YAO

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini aliyefika kivuko cha Ndundu wakati wa masika hakuwa na hakika ya siku atakayovuka mto Rufiji. Ikiwa ni Ramadhani, sheria ya Kiislamu ilimruhusu kula, kwa kuwa yu safarini. Ruhusa hiyo iliahirisha funga yake, haikuifuta. Kurani, katika sura ya pili, aya ya 184 na 185, yaagiza kwamba mgonjwa na msafiri watimize hesabu yao katika siku nyingine.

Leo msafiri hupita Ndundu kwa dakika chache tu. Lakini mkulima wa mpunga angali bondeni, akikaa kwenye dungu na kuwinga ndege. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia majira ya palizi na masika. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mtu wa jembe hana budi kutia nia usiku na kuianza siku akiwa amefunga. Akizidiwa hata akahofia afya yake, afuturu, kisha ailipe siku hiyo baadaye.

Ndugu msomaji, hapa yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kadha ni kufunga siku kwa siku, na humpasa kila aliyekula kwa udhuru wa kupita. Fidia ni chakula cha maskini, nayo ni ya mzee asiyeweza tena kufunga na mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, fidia ni mudi moja ya chakula kwa kila siku, yaani robo ya kile kinachotolewa kwa kila mtu katika zaka ya fitri. Kafara ni adhabu nzito zaidi. Aliyeingiliana na mkewe mchana wa Ramadhani kwa kusudi, naye amefunga, hufunga miezi miwili mfululizo, na asipoweza hulisha maskini 60.

Kwa hiyo, mwenye afya na mali anayetoa mchele akidhani amekwisha kulipa siku zake, amejidanganya. Sadaka yake ni njema, lakini deni liko pale pale.

Hata hivyo, mdaiwa mkubwa katika vijiji vyetu ni mama. Mwanamume aweza kumaliza miaka mingi bila kudaiwa hata siku moja. Mwanamke hudaiwa siku za hedhi kila mwaka, na juu ya hizo huja mimba, nifasi na kunyonyesha. Aliyekosa Ramadhani mbili kwa uzazi anadaiwa siku zinazokaribia 60. Wanazuoni wa Shafii husema kwamba aliyeweza kulipa akachelewa hadi Ramadhani nyingine ikaingia, hulipa siku zake na mudi moja juu ya kila siku. Wale wa Hanafi hawamtozi chakula hicho. Ambaye udhuru wake haujakatika hana lawama.

Swali letu ni hili: mama huyu atalipa lini? Anayeishi London huweza kungoja mchana mfupi wa majira ya baridi. Ndundu mchana haupungui sana mwaka mzima. Kinachopungua ni kazi, baada ya mavuno. Hapo ndipo wengi wangeweza kulipa, lau kama maji, kuni na jiko visingewangoja kama kawaida. Badala yake, deni husukumwa mpaka Shaabani, ambapo mama hufunga huku akipikia watu wasiofunga.

Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipokea kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilipa siku zake katika Shaabani kwa sababu ya kumshughulikia Mtume. Basi nyumba ina sehemu yake katika deni hili. Baadhi ya wanazuoni hutaka mke apate idhini ya mumewe akitaka kulipa wakati muda ungali mpana. Ikiwa mume ana haki ya kuombwa, hapana shaka ana wajibu wa kukubali mapema na kupunguza mzigo.

Tunawahimiza waume wa Rufiji na kwingineko waulize hesabu za nyumba zao mara baada ya Idi, wagawane kazi, na wafunge pamoja na wake zao siku chache ikiwezekana. Walimu wa madrasa nao wafundishe hesabu hii kwa wavulana kama wanavyoifundisha kwa wasichana. Na fidia ya wazee wetu imfikie maskini wa kijiji kile kile, ikiwa chakula anachokijua. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudaiwa husaidiwa alipe.