Majina na sauti za wahami: mashirika yaseme yanavihifadhi wapi

GOMA – Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za wahami zilizozunguka mji wa Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu kwa muda mfupi tu. Anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Karatasi mara nyingi zinabaki nyuma. Ndiyo maana orodha za familia, picha za kadi ya mpiga kura, matokeo ya watoto shuleni na sauti zilizorekodiwa na radio za jamii zimekuwa mali kubwa. Kwa familia nyingine, hizo ndizo alama pekee zinazoonyesha walitoka kijiji gani.

Basi inafaa kuuliza: vitu hivyo vinalala wapi?

Siku hizi vijana wa ufundi katika radio na mashirika wanaendesha programu zao ndani ya kontena, chini ya Kubernetes. Kontena ni kama hema la shiti: linasimikwa haraka, linabomolewa haraka, na linaweza kusimikwa tena kwenye mashine nyingine. Hakuna mzazi mwenye akili anayeacha hati ya shamba ndani ya hema la namna hiyo. Vilevile sauti na picha hazipaswi kukaa ndani ya kontena. Zinawekwa pembeni, kwenye ghala ambalo kila faili ina jina lake na inaitwa kwa jina hilo. Amazon ilifungua ghala la aina hiyo, S3, mwaka 2006, na lugha yake ndiyo inayozungumzwa leo na programu nyingi, hata zile ambazo mtu anaweza kuziweka kwenye mashine zake mwenyewe.

Wengine wanasema ni bora kukodi ghala la ng’ambo na kumaliza maneno. Lakini malipo yanataka benki inayofanya kazi, na mwaka 2025 wakaaji wa Goma waliona benki zikifungwa. Tena ng’ambo si mbinguni: tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala moja tu walipoteza kazi yao.

Kuchagua programu nako kunataka macho. Wengi walizoea MinIO kwa sababu ni nyepesi kuanza. Lakini mwaka 2021 ilibadilisha leseni yake, na mwaka 2025 toleo la bure likaondolewa kurasa nyingi za usimamizi, kisha wenyewe wakaacha kutoa vifurushi vilivyo tayari kwa wasiolipa. Aliyejenga nyumba nzima juu yake alijikuta anatafuta kiwanja kingine. Ceph ni imara, hata CERN inaitumia, lakini inakula sana: kwa kawaida kila diski inatengewa gigabaiti 4 za kumbukumbu, na inataka fundi anayeijua vizuri. Radio inayotegemea jenereta na paneli za jua haina nguvu hizo.

Kwa hali ya Kivu, Garage inastahili kuangaliwa kwanza. Imetengenezwa na Deuxfleurs, chama cha Ufaransa, kwa ajili ya mashine ndogo zilizo mahali mbalimbali. Gigabaiti 1 ya kumbukumbu inatosha kuanza. Inaweza kuweka nakala tatu katika sehemu tatu, na sehemu moja ikizimika, mbili zinaendelea kusoma na kuandika. Shida ipo: watengenezaji wanashauri mtandao wa megabiti 50 kwa sekunde kati ya sehemu hizo, na si kila mtaa unaupata. Mahali ambapo haupatikani, ni heri mashine moja mjini na diski inayosafirishwa kila juma.

Jambo moja halina mjadala: nakala zote zisikae Goma. Mji huu ulichomwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatapika tena. Mashine tatu ndani ya chumba kimoja ni mashine moja mbele ya moto au mwizi. Tena, nakala tatu haziokoi kosa la mkono: faili ikifutwa, inafutwa zote tatu. Diski ya kando, isiyounganishwa na chochote, inabaki ya lazima.

Zaidi ya yote, orodha ya wahami ikiangukia mikono mibaya inaweza kuwa orodha ya kuwindwa. Kwa hiyo majina na ushuhuda vifungwe kwa funguo ya siri kabla havijatumwa ghalani, na funguo hiyo isiwekwe kwenye mashine ileile. Kisichohitajika tena kifutwe.

Wafadhili wanaonunua simu za kuandikisha watu wangelipa pia diski, betri na mafunzo ya fundi wa hapa. Nazo familia zina haki ya kuuliza kabla ya kutoa jina au kidole: litawekwa wapi, nani atalisoma, na nani anaweza kulifuta? Shirika lisiloweza kujibu hayo matatu lifunge daftari lake kwanza.