Mwalimu wa Lugha Hazaliwi

Yako madai yaliyozoeleka hata yakawa kama sheria ya maumbile, kwamba Kiingereza hufundishwa vema na yule tu aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Madai haya huvuka bahari pamoja na matangazo ya kazi, nayo huwafikia vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita waliohitimu ualimu wa Kiingereza na wanaotaka kwenda kutafuta riziki ugenini. Nakusudia kuonyesha kwamba madai hayo si kweli, na kwamba kanda hii yetu ya almasi na dhahabu ni shahidi wa kutosha dhidi yake.

Tazama utaratibu wa Korea ya Kusini. Viza ya mwalimu wa Kiingereza nchini humo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Raia wa nchi hizo hutakiwa shahada ya chuo kikuu, na shahada yenyewe yaweza kuwa ya uhasibu au ya kilimo. Mtanzania aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, akasomea fasihi na isimu ya lugha hiyo chuoni, akaifundisha miaka 10 darasani, hapewi hata nafasi ya kupimwa. Mhasibu aitwa mwalimu. Mwalimu aambiwa hana sifa.

Hapana anayekana haki ya taifa kulinda ajira za wananchi wake. Sisi pia twafanya hivyo: sheria yetu ya 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia humtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta kwanza Mtanzania mwenye ujuzi unaohitajiwa. Lakini kumtanguliza mwenyeji mbele ya mgeni ni jambo moja. Kuwagawa wageni kwa pasipoti zao, kisha mgawo huo ukaitwa ujuzi, ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni siasa ya ajira. La pili ni kosa la fikra.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba mwanafunzi ahitaji matamshi ya asili. Asili ipi? Mtu wa Glasgow na mtu wa Texas huenda wakahitaji subira kabla ya kuelewana, wala hapana kadhi wa kuamua yupi kati yao ndiye asili. Joseph Conrad alizaliwa Mpolandi, akajifunza Kiingereza ukubwani, na lafudhi ya kwao haikumtoka hata alipokufa. Lakini riwaya zake husomeshwa vyuoni miongoni mwa tunu za lugha hiyo. Matamshi na yapimwe kwa kueleweka, na sarufi ipimwe kwa mtihani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mtoto wa kijiji cha Usukuma huzaliwa katika Kisukuma. Kiswahili hukikuta zaidi shuleni, ambako tangu 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Nani aliyemfundisha? Kwa kawaida hakuwa mtu wa Lamu wala wa Unguja. Alikuwa Msukuma, Mnyamwezi, Mhaya au Mjita, ambaye naye alifundishwa na mwingine. Kama taifa lingalingoja wazawa wa pwani watoshe kila darasa, vijiji vingi vingalikuwa vinangoja hata leo. Tena mwalimu aliyejifunza lugha ajua jiwe linalomkwaza mwanafunzi, kwa kuwa naye alijikwaa hapo hapo.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa lile lile linalopakana na Geita, na lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka 1971. Yeye mwenyewe alifundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na baadaye Botswana. Nani angethubutu kumwambia kwamba Kiswahili si chake?

Hata wageni waliokuja kutufundisha hawakutegemea uzawa peke yake. Mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioanza 1961 chini ya Chuo cha Ualimu cha Columbia huko New York, ulileta Wamarekani katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Na wale wasiokuwa na mafunzo ya ualimu walipelekwa kwanza Makerere kuisomea kazi hiyo. Waliouanzisha walijua kwamba kusema lugha si kuifundisha.

Lakini lawama si ya Seoul tu. Mwenye shule katika mji wetu anayemwonyesha mgeni kwa wazazi kama pambo la kuvutia karo, bila ya kuuliza amesomea nini, ni ndugu wa yule anayemkataa kijana wetu ng'ambo. Na sisi wenyewe tujichunguze. Kiswahili kilikubaliwa na SADC 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. Sasa walimu wake wahitajiwa nje, na tayari wako miongoni mwetu wanaosema kwamba Mkenya au Mkongo asipewe kazi hiyo, kwa kuwa Kiswahili chake si safi. Nyani haoni kundule.

Basi serikali yetu, inapojadili mapatano ya kazi na mataifa mengine, na idai mtihani mahali pa pasipoti. Vyuo vyetu navyo viache kuwatunuku vyeti wasioweza kuandika aya moja iliyonyooka, maana wako, na kila mmoja wao ni hoja mkononi mwa anayetukataa. Hatuombi kuhurumiwa. Twataka kupimwa, na atakayeshindwa arudi kusoma.